Laki nne ya spika za nyuma: ubadilishe spika tu, ununue saundiba, au uanze na risiva ya mtumba?

Shemeji yangu alinipigia mwezi wa tatu akaniambia, shem nina laki nne nimeitenga, nataka spika kubwa za nyuma maana hizi zilizokuja na hom theta zimekufa zote mbili, nikachukue zipi. Nikamwambia hela yako kaa nayo kwanza, Jumamosi nakuja tuziangalie. Nafika kwake Tabata nakuta filamu inacheza kutoka kwenye flashi, mbele kunaunguruma vizuri tu, nikasogeza sikio mpaka likagusa kitambaa cha spika ya nyuma kushoto, kimya. Ya kulia nayo kimya. Nikazima redio, yaani ile hom theta yenyewe, nikachomoa ile ya nyuma nikaihamishia mbele, nikaichomeka kwenye tundu la spika ya mbele kushoto, nikawasha, ikaimba. Ya pili hivyo hivyo. Spika nzima kabisa zile, filamu yenyewe ndo haikuwa na sauti ya nyuma.

Naanza na hili kwa sababu naumia nikiona mtu anatoa hela yake ya jasho kununua spika wakati ugonjwa uko kwingine. 5.1 ni spika mbili za mbele, moja ya kati, mbili za nyuma, hizo ndo tano, na ile .1 ni besi inayoenda kwenye sabufa. Sasa filamu nyingi tunazojaziwa kwenye flashi zimebanwa ili zienee nyingi, na kwenye kubanwa huko sauti nayo inapunguzwa inabaki chaneli mbili, stirio. YouTube karibu kila kitu ni stirio, taarifa ya habari na muziki kwenye king'amuzi vilevile. Kama una kompyuta fungua hiyo filamu kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video, ingia sehemu ya taarifa za kodeki uangalie mstari wa chaneli, ukikuta imeandikwa stirio basi hata ukiweka nyuma spika za ukumbi wa harusi hakitatoka kitu, ukikuta 3F2R/LFE hiyo ndo 5.1 yenyewe, tatu mbele mbili nyuma na besi yake.

Na hata ukiwa na filamu ya 5.1 halisi, au Netflix yenye alama ya 5.1, tv inaweza kuimeza njiani. Kama umeunga tv na redio kwa waya wa optikali, ule unaopitisha sauti kwa mwanga, na kwenye setingi za sauti za tv imekaa PCM, redio inapokea stirio tu, basi. Unatakiwa uiweke Auto au Dolby Digital. Hii setingi ni ya bure na nimeiona ikifufua spika za nyuma kwa watu watatu mpaka sasa.

Kwa shemeji tulibonyeza kitufe cha Pro Logic II kwenye rimoti yake, hiki kimekuwepo toka mwaka 2000 na hom theta nyingi za dvd zinacho, kazi yake ni kuchukua sauti ya stirio na kuchambua kipi kiende nyuma. Haiwi sawa na 5.1 ya kweli ila mvua na makelele ya umati yakahamia nyuma, akabaki ananiangalia. Lakini bado alitaka kupandisha kiwango, na mimi sikumkatalia, kwa sababu zile spika zake hata zikipata sauti ni vikoni vidogo kama kifuniko cha chupa ya maji ya lita tano, zinalia kibati. Kwaiyo tukakaa chini tukapima njia tatu.

Kubadilisha spika za nyuma peke yake

Hii ndo kila mtu anaifikiria kwanza na ndo ya bei ndogo. Unabaki na hom theta yako unanunua spika mbili tu. Cha kwanza geuza spika ya zamani usome nyuma, utaona omu 3 au 4, omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, za shemeji zilikuwa 3. Watu wengi hapa wanaogopa upande usio wa kuogopa. Ukichukua spika ya omu 8 ukaifunga kwenye redio iliyotengenezewa omu 3 haiungui kitu, tatizo lake ni kwamba redio inaisukumia umeme kidogo kwaiyo sauti inashuka, utaifidia kwa kupandisha spika za nyuma kwenye menyu. Hatari iko kinyume chake, kuchukua kale kaspika ka omu 3 ukakafunga kwenye amplifaya iliyotengenezewa omu 6 hadi 8, hapo amplifaya inavutwa umeme kuliko uwezo wake, inachemka, ikiwa na bahati inajizima, isipokuwa na bahati unampelekea fundi.

Alafu kuna hili ambalo muuzaji hakwambii. Hizi hom theta za boksi mara nyingi zimefungwa kiwandani, besi yote inachujwa inapelekwa kwenye sabufa kabla haijafika kwenye vispika, na huna menyu ya kubadilisha. Maana yake ukinunua spika kubwa ya nyuma yenye koni ya inchi sita na nusu, ile besi uliyoilipia haifiki. Utapata sauti safi zaidi, ya juu haitachoma masikio, ila kile kishindo unachokiwaza hakitatokea nyuma. Na plagi zake nyingi ni za kampuni yenyewe, kwaiyo unakata waya wa zamani unamenya unaunga, sio kazi kubwa.

Mi naona njia hii inafaa kama spika zako kweli zimekufa, au panya ametafuna waya, au unataka tu kusogeza siku. Tafuta spika ndogo za shelfu, mtumba, usizidishe robo ya bajeti yako, kwa sababu redio inayozisukuma ni ileile. Na ukiiona imeandikwa wati elfu kumi PMPO usihangaike na hiyo namba, geuza nyuma usome inakula wati ngapi ukutani, ikila wati 60 haiwezi ikatoa zaidi ya hapo, inatoka wapi? Namba ya kuangalia ni RMS, wati inazoweza kutoa mfululizo.

Saundiba yenye spika zake za nyuma

Hizi ni nzuri kuliko wanavyozisema watu wa redio kubwa, na kuna nyumba ambazo ndo jibu sahihi. Mfano wa kawaida ni Sony HT-S20R na HT-S40R, zote ni 5.1, ina kibao cha mbele chenye kushoto, kati na kulia, ina sabufa, ina vispika viwili vya nyuma. Ile S20R vispika vya nyuma vinaungwa kwa waya kwenye sabufa. S40R wanasema nyuma haina waya, sasa elewa vizuri hapo: kutoka mbele kwenda nyuma kweli hakuna waya, ila nyuma kuna kiboksi cha amplifaya kinachohitaji soketi yake ya umeme na kutoka kwenye kile kiboksi waya zinaenda kwenye spika zote mbili. Kama nyuma ya kochi lako hakuna soketi utavuta ekstensheni, na ekstensheni imepita katikati ya sebule ina tofauti gani na waya wa spika.

Faida yake ni usumbufu kuisha. HDMI moja kwenye tundu la tv lililoandikwa ARC, lile linalotoa sauti ya tv kwenda kwenye saundiba, rimoti moja, mama watoto na watoto wote wanaiwasha bila kukupigia simu. Maneno yanasikika kwa sababu spika ya kati ipo ya kweli, na kwa filamu za usiku hicho ndo kitu cha kwanza. Mpangaji anayehama kila mwaka anaikunja anaondoka nayo.

Ubaya wake sasa, huwezi kuikuza. Baada ya mwaka ukitamani spika za nyuma kubwa zaidi huna pa kuzichomeka. Na kwenye ile S20R amplifaya yote inakaa ndani ya sabufa, ikipigwa na umeme siku moja umeme umerudi kwa nguvu, mbele nyuma kati vyote vinanyamaza pamoja. Pia kwa laki nne ya shemeji mpya dukani hatukuipata, tungeongeza karibu hiyo hiyo tena, na mtumba wa saundiba mi siushauri, ukikosa kispika kimoja au ule waya wake maalum umebaki na mapambo.

Risiva ya mtumba na spika unazonunua jozi kwa jozi

Nikisema risiva sio king'amuzi, namaanisha ile amplifaya nzito ya Yamaha, Denon, Onkyo, Pioneer au Sony yenye matundu ya spika tano au saba kwa nyuma. Hapa ndo moyo wangu ulipo na sifichi, ila ndo njia yenye mitego mingi kwaiyo nitaieleza kwa kirefu.

Sababu ya kuipenda ni moja, kila kitu kinabadilishwa peke yake. Leo una spika mbili tu, unaingia kwenye menyu unaiambia kati hakuna, nyuma hakuna, na risiva inachukua yale maneno ya kati na zile sauti za nyuma inazigawa kwenye mbili za mbele, hupotezi kitu kwenye filamu. Mwezi ujao umepata jozi ya nyuma, unaongeza. Mwakani umepata ya kati. Risiva ikifa unabaki na spika, spika ikichanika unabadilisha hiyo moja. Kwa mtu anayepata hela kidogo kidogo hii ndo inayoendana na mfuko.

Na risiva ya miaka kumi na tano iliyopita bado inafaa kabisa kwa spika tano. Matoleo ya HDMI yamebadilika lakini Dolby Digital ya optikali ni ileile. Haina ARC? Tumia optikali. Haina 4K? Picha peleka moja kwa moja kwenye tv, risiva ibaki na sauti.

Mitego sasa. Wa kwanza umeme. Risiva ya soko la Japani ni volti 100, ya Marekani ni 120, sisi kwetu ni 230. Mimi niliwahi kuuziwa moja naambiwa ya Ulaya, ile stika ya nyuma ilikuwa imechubuliwa pale pale kwenye namba za volti, nikachukulia ni uchakavu. Nimeichomeka nikasikia pa! moja, harufu ya plastiki ikajaa chumba kizima na haikuwaka tena. Aliyeniuzia akasema vitu vya mtumba havirudishwi. Tangu siku hiyo stika isiposomeka siichukui hata iwe ya bure, na ikiwa ya 100 au 120 lazima uhesabu na bei ya transfoma ya kushushia umeme, ambayo yenyewe ni nzito na inaweza kula bajeti ya spika.

Wa pili, jaribu kila tundu. Nenda na spika yako moja ndogo na kipande cha waya, iwashe, sikiliza kale kamlio "tak" baada ya sekunde chache, hiyo ni relei inaunganisha spika, isipolia kuna shida. Alafu weka ile sauti ya majaribio inayozunguka "shhhh" kwenye kila chaneli, hamisha spika yako tundu kwa tundu, yote matano. Zungusha sauti juu chini usikie kama inakwaruza. Uliza kama kuna maiki yake ya kupimia chumba, Yamaha wanaiita YPAO, Denon wana Audyssey, Pioneer MCACC, ikikosekana usinunue ya kampuni nyingine ukadhani itapima sawa, utapima mwenyewe kwa mkono na sio mbaya.

Wa tatu ni spika zenyewe. Toa kitambaa cha mbele uangalie ile ringi inayozunguka koni. Kama ni ya mpira uko salama zaidi. Kama ni ya sponji iguse taratibu na kidole, kwa joto na unyevu wa Dar sponji za zamani zinageuka zinamong'onyoka kama keki iliyolala, na ukiisukuma besi siku ya kwanza inachanika. Fundi anaweza kubadilisha ringi ila hiyo ni gharama, ishushe kwenye bei. Inchi nne mpaka tano na robo ya koni inatosha kwa nyuma, huhitaji minara, zile spika ndefu za kusimama chini. Sony SS-CS5 ni mfano mzuri wa spika ya shelfu unayoweza kukutana nayo, omu 6, desibeli 87, yaani ukubwa wa sauti yake ukiipima mita moja kutoka kwenye spika. Hiyo namba ya desibeli iangalie kuliko wati, maana kila ukitaka kupanda desibeli 3 unahitaji wati mara mbili, spika ya 90 inalia na wati 10 sawasawa na ya 87 ikipewa 20.

Na gharama inayosahaulika ni sabufa. Sabufa ya hom theta ya zamani haina amplifaya ndani, haiungi na risiva. Lakini kama nyumbani kuna ile sabufa yetu ya kawaida ya mtaani yenye vispika viwili pembeni, inafaa! Toa waya mmoja kutoka tundu la sabufa nyuma ya risiva, ingiza kwenye AUX ya ile sabufa, vispika vyake viwili vichomoe, weka sauti yake nusu kisha iache hapo hapo, sauti utaongozea kwenye risiva. Kwenye menyu spika zote ziandike ndogo, krosova, yaani pale besi inapokatiwa iende kwenye sabufa, hezi 80 kwa za mbele na 100 au 120 kwa za nyuma. Haitakuwa sabufa ya sinema ila kwa sebule ya mita tatu kwa nne majirani watakujua.

Kwaiyo uchague ipi

Unahama hama, kochi moja, na wanaoiwasha ni wengi, ongeza hela uchukue saundiba, usiogope maneno ya watu. Hom theta yako ni nzima na unaangalia zaidi habari, mpira na filamu za kwenye flashi, usinunue chochote, bonyeza Pro Logic II, na kama za nyuma ni mbovu tafuta jozi ndogo ya bei ndogo. Unaangalia filamu za 5.1 kweli, unasikiliza na muziki pia, una uvumilivu wa kuzunguka Kariakoo Jumamosi tatu bila kununua, basi risiva. Kwa muziki peke yake hizi njia nyingine mbili haziigusi.

Kitu kimoja kwa njia zote ni mahali pa kuweka. Makochi yetu yanagusa ukuta, kwaiyo neno spika za nyuma linatudanganya. Zinatakiwa ziwe pembeni yako kidogo kwa nyuma, ukihesabu kutoka katikati ya tv ni kama digrii 110 kila upande, na juu ya masikio kama futi mbili hivi. Ukiziweka ukutani nyuma ya kichwa utasikia spika, hutasikia filamu. Mwenye nyumba hataki matundu? Shelfu ya pembeni au stuli ndefu inatosha.

Waya, ukwangue na kisu kabla hujalipa. Ukiona weupe ndani hiyo ni aluminiamu imefunikwa na kopa juu. Waya wa umeme wa nyumbani wa nyuzi nyuzi, milimita 1.5, kopa tupu, unabeba mita kumi kwa spika ya omu 8 bila shida na hauna haja ya ule wa bei ya ajabu unaong'aa.

Shemeji alichagua risiva. Tulipata Yamaha ya soko la Uingereza laki mbili na ishirini, spika mbili za shelfu laki na kumi, waya elfu ishirini na tano, sabufa ya mtaani alikuwa nayo tayari. Ikabaki elfu arobaini na tano na hana spika za nyuma, yeye aliyeanza safari kwa ajili ya spika za nyuma, na alinuna kidogo. Usiku ule dada akaniambia leo nimesikia wanachosema bila kuongeza sauti. Mwezi wa tano tukapata jozi ya nyuma ya omu 8, ndogo, zikawekwa kwenye shelfu pembeni ya kochi. Siku ya kwanza zilikuwa zinasikika za ajabu, kama sauti iko ndani ya kichwa, tukachukua betri ya rimoti tukagusisha kwenye waya, chanya kwenye nyekundu, koni ya kushoto ikatoka nje na ya kulia ikaingia ndani, kumbe fundi aliyezifungua zamani alibadilisha waya za ndani. Tukageuza ya kulia, tukapima zote kwa ile "shhhh" na programu ya desibeli kwenye simu, simu imewekwa pale kichwa kinapokaa, mpaka zote zikasoma 75.

Sasa hivi tunatafuta spika ya kati ya ukoo mmoja na zile za mbele, kampuni moja na twita inayofanana, kile kikoni kidogo cha sauti za juu, ili mtu akitembea kutoka kushoto kwenda kulia sauti yake isibadilike njiani. Mpaka ipatikane, kwenye menyu kati tumeandika hakuna.